Alizeti Kizimbani: Njia ya Mdudu Mla Gugu

Uwanja wa mpira wa Singida mjini, ambao mashabiki wa zamani bado wanauita Namfua, siku hizi una jina la Liti. Liti Kidanka alikuwa mwanamke wa Kinyaturu aliyewakatalia Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20, na simulizi za kwao zinasema silaha yake kubwa ilikuwa nyuki. Askari walikuja na bunduki, yeye akawaachia makundi ya nyuki. Msomaji anaweza kuamini sehemu na kuacha nyingine. Mimi naamini zaidi ya nusu, maana hii ni nchi ya asali tangu hapo, na aliyewahi kufukuzwa na nyuki wa porini hahitaji kusimuliwa mara ya pili. Kinachonishika katika habari ya Liti ni lile wazo lililomo ndani yake: kwamba mdudu anaweza kutumwa kazi, akaenda, akaifanya.

Ulimwenguni kuna watu ambao kazi yao ya kila siku ni kutuma wadudu. Hawawatumi kwa askari, wanawatuma kwa magugu yaliyohamia kutoka mabara mengine na kukuta huku hakuna wa kuyala. Nimeifuata njia ya kazi hiyo kwa kuanzia Singida, mkoa ambao haumo katika vitabu vya fani hiyo. Cha ajabu ni kwamba kila nilipofika mahali palipotokea ugomvi mkubwa juu ya wadudu hao, nilikuta wanaolalamika ni wakulima wa mazao yanayolimwa Singida: ufuta kwanza, kisha alizeti.

Tuanze na ukweli mmoja. Kwa mkulima wa Iramba au Manyoni, mdudu anayekula mimea ni adui. Magharibi mwa Iramba, mpakani na Tabora, kuna mbuga ya Wembere, nchi tambarare ya udongo mweusi inayojaa maji masika na kupasuka nyufa kiangazi. Wataalamu wa nzige wekundu wanaihesabu Wembere miongoni mwa maeneo machache ya Tanzania ambako nzige hao huzaliana kabla ya kuruka makundi, pamoja na Rukwa, Iku-Katavi, Malagarasi na bonde la Bahi. Ndiyo sababu shirika la kupambana na nzige wekundu lenye makao yake Ndola, Zambia, hutuma ndege kuangalia mbuga hizo. Ongeza viwavijeshi, wanaoweza kuingia shamba la mtama asubuhi na kufika jioni limebaki vijiti. Mtu aliyelelewa katika mazingira hayo ukimwambia unaleta mdudu wa kigeni, anayekula majani, kwa makusudi, na kwa fedha ya serikali, ana haki ya kukuuliza kama uko sawa.

Singida pia inahifadhi kumbukumbu ya vita vya upande wa pili, vya watu walioua mimea ili wamshinde mdudu. Mwezi Juni 1938 ndege iliyokuwa ikielekea Dar es Salaam ilianguka, wakafa Waingereza wawili waliokuwa wakiijua nchi ya kati ya Tanganyika kuliko karibu kila mzungu wa wakati wao. Walizikwa Singida. Mmoja ni Charles Swynnerton, aliyekuja Tanganyika mwaka 1919 kuwa msimamizi wa wanyamapori, kisha akaiongoza idara ya utafiti wa mbung'o iliyokuwa na makao Shinyanga. Wa pili ni Bernard Burtt, mtaalamu wa mimea wa idara hiyohiyo.

Swynnerton alikuwa mtu wa vipepeo na ndege, lakini maisha yake yaliishia kwenye mbung'o, kiasi kwamba aina moja ya mbung'o inayopatikana kaskazini na kati mwa Tanzania imepewa jina lake, Glossina swynnertoni. Hesabu yake ilikuwa hii: mbung'o hawezi kuishi bila kivuli na vichaka vya aina fulani, basi ukikijua kichaka anachokipenda na ukakiondoa, umemuondoa na yeye. Huko Usukuma maelfu ya watu waliitwa kufyeka pori kwa mapanga na mashoka kila mwaka, ng'ombe wakarudi, na malale yakapungua. Bei yake ilikuja kulipwa baadaye. Shinyanga ilipofika miaka ya 1980 ilikuwa imekaribia kuwa jangwa, na mwaka 1986 serikali ikalazimika kuanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, kurudisha miti kwa njia ya ngitili za Wasukuma wenyewe. Si haki kumtwika Swynnerton peke yake mzigo huo, kwani pamba na mifugo vilichangia pakubwa, lakini mkono wake umo.

Burtt ndiye aliyenipeleka kusini, hadi Itigi. Ukitoka Manyoni kwa barabara ya Tabora, pori linabadilika ghafla. Miti mirefu inapotea na kinachobaki ni kichaka cha urefu wa mita tatu hadi tano, kilichofungamana hata mbwa anapita kwa shida, na kiangazi kinapukutisha majani yote kikawa kijivu kitupu. Wataalamu wanakiita kichaka cha Itigi, nacho kina mimea ambayo huipati kwingine duniani isipokuwa sehemu chache za jirani. Burtt aliichunguza mimea hiyo mmoja mmoja, na kadhaa imebeba jina lake, kama Burttia prunoides na Baphia burttii. Wafuga nyuki wa Manyoni na Itigi wanaijua kwa faida nyingine. Hapa ndipo ilipo hifadhi ya nyuki ya Aghondi, na asali ya maua ya kichaka hiki inauzwa hadi Dar es Salaam.

Katikati ya kichaka hicho ilipita njia kuu ya misafara, kutoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe na Ujiji. Wapagazi walikiita kipande hiki Mgunda Mkali, na kilistahili. Maji yalikuwa machache, vituo vilikuwa mbalimbali, na aliyeanguka njiani aliachwa njiani. Burton na Speke walikipita mwaka 1857, Stanley mwaka 1871. Baadaye Wajerumani walijenga boma Kilimatinde, ukingoni mwa Bonde la Ufa, na reli ya kati ikafuata karibu na njia ileile hadi Tabora mwaka 1912 na Kigoma miaka miwili baadaye.

Naitaja njia hii kwa sababu mimea husafiri kama watu wanavyosafiri. Miembe ya Tabora na Ujiji haikuota yenyewe, ilikuja na misafara ya pwani. Hiyo ni zawadi. Lakini mzigo wa mpagazi, kwato za ng'ombe, behewa la nafaka na tope la tairi havichagui mbegu. Ardhi iliyofyekwa kandokando ya njia, isiyo na mwenyewe, ndiyo mlango wa kila gugu geni. Mmea unapoingia kwa mlango huo unaacha nyuma, ng'ambo ya bahari, wadudu na kuvu wote waliokuwa wakiuonea kwao. Ndiyo maana gugu ambalo nyumbani kwake ni jani la kawaida tu, likifika kwa watu linageuka balaa. Wenye kazi ya kutuma wadudu wanachofanya ni kurudi lilikotoka gugu, kumtafuta mmoja wa wale wadudu, na kumleta.

Tanzania iliingia katika kazi hiyo kwa nguvu kupitia gugu maji. Asili yake ni bonde la Amazoni. Maua yake ya zambarau yaliwavutia watu, yakagawiwa katika maonyesho ya pamba ya New Orleans ya 1884 hadi 1885, na tangu hapo yakatembezwa dunia nzima kuwa pambo la bwawa. Kwetu lilionekana mto Sigi, Tanga, mwaka 1955, na miaka minne baadaye likawa mto Pangani. Katika Ziwa Victoria liligunduliwa mwishoni mwa miaka ya 1980, na chanzo chake kikubwa kilikuwa mto Kagera, ulioteremsha mikeka ya gugu kutoka Rwanda mchana na usiku.

Waliokuwa Mwanza au Kisumu miaka ile hawahitaji kuelezwa. Mitumbwi ilikwama mwalo mzima, meli zikashindwa kutia gati, mabomba ya maji yakaziba, na chini ya mkeka ule konokono wa kichocho wakapata makazi. Upande wa Kenya peke yake, picha za satelaiti za mwaka 1998 zilionyesha gugu limefunika takriban hekta 17,000. Watu walilivuta kwa mikono na kulitupa nchi kavu. Hekta moja ya gugu maji ina uzito wa mamia ya tani, na mmea wenyewe huweza kuongezeka maradufu ndani ya wiki mbili. Hiyo ilikuwa kazi ya kuchota maji kwa pakacha.

Mdudu aliyeletwa ni jamii ya fukusi, wale wenye pua ndefu wanaotoboa mahindi ghalani. Huyu hana habari na mahindi. Aina zake ni mbili, Neochetina eichhorniae na Neochetina bruchi, zote za Amerika ya Kusini, na Wamarekani walikuwa wameshawatumia tangu miaka ya 1970. Kando ya ziwa watu walizoea kuwaita mbawakavu. Ukiutazama kwa karibu mmea ulioshambuliwa unaona kwanza alama juu ya jani: vidoa vya mviringo mdogo, rangi ya hudhurungi, ambapo ngozi ya juu imekwanguliwa na nyama ya ndani ikabaki wazi kukauka. Hiyo ni kazi ya mdudu mzima, ambaye hana hata nusu sentimita, na anakula usiku. Lakini kidonda cha kweli hakiko hapo. Pasua kikonyo cha jani, kile kilichovimba kwa hewa na kuufanya mmea uelee, ndani utakuta mfereji mweusi wenye unga wa kinyesi, na mwisho wa mfereji buu jeupe lisilo na miguu, lenye kichwa cha rangi ya chai. Jike lilitaga yai ndani ya kikonyo, buu likaanguliwa, likashuka likitafuna hadi kwenye moyo wa mmea, kisha likajisokotea kibanda kwa nywele za mizizi majini na kugeuka kuwa mdudu mzima. Kupitia matundu hayo maji yanaingia, uozo unaingia, mmea unafupika, unalegea, mwisho unazama.

Kazi ya Tanzania ilifanyika Kibaha, penye kituo cha utafiti cha serikali kilichokuwa kimeshapata uzoefu wa kuzalisha nyigu wadogo dhidi ya mdudu wa unga mweupe aliyekuwa akimaliza mihogo mwishoni mwa miaka ya 1980. Mwaka 1995 fukusi wa gugu maji waliachiwa Sigi na Pangani. Uganda ikaachia wa kwake Ziwa Victoria Desemba mwaka huohuo, na mwaka 1997 ikawa zamu ya Kenya na ya Tanzania upande wa ziwa, chini ya mradi wa pamoja wa mazingira ya Ziwa Victoria. Vituo vya kuzalishia viliwekwa kandokando ya ziwa. Wavuvi walifundishwa kutunza mabeseni na madimbwi ya gugu lenye wadudu, wakaujaza mtumbwi na kwenda kuutupa mmea mgonjwa katikati ya mmea mzima.

Kufikia mwaka 2000 sehemu kubwa ya mkeka ilikuwa imezama. Hapo wataalamu wakagawanyika. Wapo waliosema ni fukusi. Wapo waliosema ni mvua za El Niño za 1997 na 1998, zilizopandisha ziwa, kulichafua kwa mawimbi na kufunika jua kwa miezi. Mimi naona waliosema vyote viwili wana hoja nzito zaidi: mmea uliotobolewa hauvumilii dhoruba ambayo mmea mzima ungeivumilia. Baada ya mvua kubwa za mwisho wa 2006 gugu lilirudi tena Ghuba ya Winam, upande wa Kenya, kwa sababu mbegu zake hulala kwenye tope hata zaidi ya miaka 15 na mbolea inayotiririka kutoka mashambani haijakoma. Fukusi nao hawajatoweka. Hii si dawa ya kupulizia mara moja, na aliyewaahidi watu hivyo alikosea.

Sasa nirudi kwenye ufuta.

Lantana, ambayo wengine huiita mvuti, ni kichaka cha maua mchanganyiko ya njano na nyekundu, kilichotoka Amerika kikapandwa kuwa ua wa bustani. Mifugo wakiila huumia ini na ngozi yao hubabuka juani. Mwaka 1902 mtafiti Albert Koebele alikusanya Mexico wadudu wanaoila, akawapeleka Hawaii. Mmoja wao ni kidudu bapa cha jamii ya kunguni, chenye mabawa kama kitambaa cha wavu, anayekaa chini ya jani na kulifyonza. Jina lake ni Teleonemia scrupulosa. Mdudu huyo akasambazwa nchi hadi nchi, akafika Afrika Mashariki miaka ya 1950, na Uganda ikamwachia mwaka 1960.

Alifanya alichotumwa. Lantana ilipukutika. Lakini ilipokwisha majani, kunguni walikuwa wengi na wana njaa, na huko Uganda jirani yao palikuwa na ufuta. Wakahamia. Wakulima waliona majani ya ufuta yakigeuka manjano, na wataalamu walipochunguza walikuta wakubwa kwa wadogo wa mdudu yuleyule. Habari hiyo ilitangazwa katika jarida la Nature mwaka 1967. Madhara hayakudumu, kwa sababu ufuta haukuwatosheleza wadudu wale kizazi baada ya kizazi, na lantana ilipochipua walirudi huko. Ila katika fani hii tukio hilo linatajwa mpaka leo, kwa kuwa lilionyesha pengo: mdudu alikuwa amehamishwa nchi nyingi kwa sifa tu ya kazi yake kwingine, bila mtu kumjaribu vya kutosha kwenye mazao ya huku. Hawaii hawalimi ufuta. Teso, huko Uganda, wanalima, na Manyoni pia wanalima.

Kuna kisa kibaya zaidi ya hicho, na hakihusu mdudu aliyekosea mmea. Ni kisa cha mdudu aliyepatia. Kusini mwa Madagaska dungusi, mmea wa miiba ulioletwa na Wafaransa karne ya 18, ulikuwa umekuwa maisha ya wafugaji wa Antandroy. Ulikuwa ua wa mazizi, maji na chakula cha ng'ombe wakati wa kiangazi, na ngome dhidi ya adui. Mwaka 1924 kiliingizwa kisiwani kidudu kinachoufyonza, kile kinachojifunika sufi nyeupe na ukikiminya kinatoa majimaji mekundu. Ndani ya miaka mitano hivi dungusi ilikuwa imeoza karibu kote. Ukame ulipokuja, ng'ombe wakafa kwa wingi na watu wakafa kwa njaa au kuhama kwenda kutafuta vibarua. Miaka hiyohiyo Australia ilimleta kiwavi wa nondo wa Argentina dhidi ya dungusi iliyokuwa imemeza hekta zipatazo milioni 24, na kijiji cha Boonarga kikajenga ukumbi mwaka 1936 kumshukuru. Huku watu walijengea mdudu ukumbi, kule walizika. Tofauti ilikuwa nani aliutegemea mmea ule, na kama kuna aliyemuuliza.

Gugu ambalo naliwaza zaidi kwa Singida ni gugu karoti. Majani yake yamechanika kama ya karoti, maua ni vichwa vidogo vyeupe, na mche mmoja hutoa mbegu maelfu kwa maelfu. Ukilishika mara nyingi ngozi inawasha na kuvimba, vumbi lake linachokoza pumu, na ng'ombe aliyelila hutoa maziwa machungu. Ethiopia inalo tangu miaka ya 1970. Tanzania liliripotiwa Arusha mwaka 2010, kando ya barabara. Leo kutoka Arusha hadi Singida kupitia Babati ni lami tupu, na Singida ndipo barabara hiyo inapokutana na ile ya Dodoma kwenda Nzega na Mwanza. Malori ya vitunguu, ya mifugo na ya mbegu za alizeti yanapishana hapo usiku na mchana. Kazi iliyokuwa ya wapagazi wa Mgunda Mkali sasa inafanywa na matairi, kwa mwendo mkali zaidi.

Mdudu anayesifika kwa kulila gugu hilo ni mbawakawa wa Mexico, Zygogramma bicolorata, mwenye milimita tano au sita, rangi ya maziwa na michirizi ya kahawia mgongoni. Mkubwa na mtoto wote wanakula majani. India ilimleta Bangalore na kumwachia mwaka 1984, na baada ya miaka michache palikuwa na viwanja vizima vya gugu karoti vilivyobaki vijiti vitupu.

Kisha mwanzoni mwa miaka ya 1990 wakulima wa Karnataka wakamkuta kwenye alizeti.

Si ajabu ukifikiri vizuri. Alizeti na gugu karoti ni ukoo mmoja wa mimea, na alizeti nayo ni mgeni kutoka Amerika ya Kaskazini. Singida imeizoea hata tunasahau, lakini mmea huo, gugu lile na mbawakawa yule ni majirani wa zamani kutoka bara moja. Kelele zikawa kubwa. Serikali ya India ikasimamisha kumsambaza na kuunda kamati ya kuchunguza. Kwa miaka kadhaa mdudu alikaa kizimbani, na alizeti ikiwa mlalamikaji.

Utetezi uliomwokoa nauona kama kipande kizuri kuliko vyote katika habari hii. K. P. Jayanth na wenzake wa Bangalore waligundua kwamba alizeti iliyoliwa ilikuwa ile iliyo karibu na gugu karoti lililochanua. Upepo ulipeperusha chavua ya gugu na kuitua juu ya majani ya alizeti. Mbawakawa alipotua alinusa na kuonja gugu karoti, akaanza kula. Jani safi lisilo na chavua hakulitaka hivyo. Alikuwa amedanganywa na vumbi. Na hata alipokula, uzao wake haukustawi juu ya alizeti. Mwaka 1999 kamati ilimaliza kazi kwa kumwachilia. Mdudu hakuwa tishio kwa zao.

Afrika Kusini haikuridhika kwa haraka. Ilimjaribu upya kwenye aina nyingi za alizeti kabla ya kumwachia mwaka 2013. Ethiopia ilimfungia karantini Ambo, ikamjaribu kwenye mazao yake, hasa nug, mbegu ya mafuta ya Wahabeshi ambayo nayo ni ya ukoo huohuo, kisha ikamwachia mwaka 2016. Alifuatana na fukusi mwingine, Listronotus setosipennis, ambaye buu wake anatoboa shina.

Majaribio hayo yana namna mbili. Katika moja mdudu anafungiwa na zao peke yake, bila gugu, mpaka aamue kula au kufa njaa. Katika nyingine anawekewa vyote pamoja achague. La kwanza ni kali kuliko maisha yalivyo, na wadudu wengi wasio na hatia huanguka hapo. La pili ni laini mno, kwa kuwa shambani gugu huisha. Kisa cha ufuta wa Uganda kingeonekana katika la kwanza. Kisa cha chavua ya Bangalore kisingeonekana katika lolote kati ya hayo mawili, isipokuwa mtu awe amefikiria kupakaza vumbi juu ya jani.

Hapa ndipo mazingira ya Singida yanapostahili kuangaliwa yenyewe, bila kuazima majibu ya India. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, kati ya Novemba na Aprili. Mbawakawa huyu akikosa majani mabichi huingia ardhini na kulala miezi kadhaa, akaibuka mvua zinapoanza. Hilo ni jambo zuri, maana kiangazi kirefu cha Mgunda Mkali kisingemmaliza. Lakini mvua za kwanza ndizo pia zinazootesha gugu, na baada yake wakulima wanapanda alizeti. Mdudu mwenye njaa ya miezi, gugu changa ambalo halijatosha, na miche laini ya alizeti, vyote vinaweza kukutana katika wiki zilezile. Na gugu likichanua Februari, chavua yake itatua juu ya alizeti iliyokwisha kurefuka. Sisemi kwamba alizeti italiwa. Ushahidi wa India na wa Afrika Kusini unaelekea kusema haitaliwa kwa kiasi cha kuumiza, na gugu karoti lenyewe likiachwa litaumiza zaidi, shamba, ng'ombe na mapafu ya watu. Kama ningeulizwa, ningekubali aletwe.

Ila ningetaka kuulizwa. Anayetoa kibali cha kuingiza kiumbe wa namna hiyo nchini ni Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020 na yenye makao yake Arusha, huko huko gugu lilikoonekana kwanza. Ni rahisi mjadala wote kuishia Arusha, kwa kuwa wenye kuumia kwa sasa ni wafugaji na wakulima wa kaskazini, na Singida ikapata habari siku mdudu anapotua. Vyama vya ushirika vya msingi vya alizeti vya Iramba, Mkalama na Ikungi, wakamuaji wa mafuta wa mjini, wakulima wa ufuta na wafuga nyuki wa Manyoni wanapaswa kuwa na viti katika kikao cha kwanza. Na ndani ya vibanda vya majaribio, pamoja na alizeti chotara za madukani, iwekwe ile Record ya zamani ambayo wengi bado wanaihifadhi chumbani kwa mbegu, ipandwe Desemba kama wanavyopanda wenyewe, na majani yake yapakwe chavua ya gugu karoti kabla mbawakawa hajafunguliwa.